Nyandungu: Bonde la mafunjo lililogeuka njia ya wakimbiaji Kigali

MSAFIRI mwenye mazoea ya kukimbia huwa na swali moja kila anapofika mji asioufahamu: kesho alfajiri nitakimbilia wapi? Wenzake huuliza bei ya chumba na mahali panapouzwa chakula kizuri. Yeye huuliza kama kuna uwanja, kama mbwa wa mtaa huo ni wakali, na kama barabara ina ukingo wa kupita mtu bila kusukumwa mtaroni na magari. Nairobi jibu limekuwa msitu wa Karura, ambao pengine leo usingekuwepo kama Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingevumilia kupigwa mwaka 1999 wakiutetea dhidi ya wajenzi wa majumba. Dar es Salaam watu hukimbilia baharini, upande wa Coco Beach. Kigali, kwa muda mrefu, jibu lilikuwa fupi: kimbia barabarani, na ushukuru kwamba njia za miguu ni safi.

Tangu Julai 2022 kuna jibu jingine, nalo ni Nyandungu.

Nyandungu ni bonde lililoko mashariki mwa jiji, katika wilaya za Gasabo na Kicukiro, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe. Eneo lililotengwa kuwa bustani ni zaidi ya hekta 121. Zamani lilikuwa kinamasi kilichochoka. Watu walilima na kuchunga humo, maji machafu yaliteremka kutoka vilimani, na mvua ikizidi bonde lilikuwa tope tupu. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2016 chini ya Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda, REMA, ikishirikiana na Mfuko wa Kijani wa nchi, FONERWA. Ilipandwa miti ipatayo 17,000 ya aina 55 za asili, yakachimbwa mabwawa, zikatengenezwa njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa kilomita kama 10. Kwa mkimbiaji hesabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye utamu. Kilomita 10 bila pikipiki hata moja, katika jiji lenye pikipiki za abiria kila kona, si jambo dogo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika Jimbo la Mashariki. Katikati ya Mei 2025 nilikwenda Kigali kwa semina ya walimu ya siku chache, na wakati huo nilikuwa nimeshajiandikisha nusu marathoni ya mashindano ya Amani yanayofanyika kila mwaka jijini humo. Mashindano hayo, ambayo rasmi huitwa Kigali International Peace Marathon, yalianza mwaka 2005 na sasa huvuta wakimbiaji kutoka mabara yote. Ratiba yangu ya Alhamisi ile ilidai kilomita 14 za mwendo wa wastani. Semina ilianza saa 2:30. Mtu mwenye akili timamu angelala. Lakini anayefundisha mwili wake baada ya miaka 40 anajua kwamba siku moja iliyorukwa hulipwa kwa siku tatu.

Nitasema kwanza kuhusu pumzi, kwa faida ya wale watakaotoka pwani. Kigali iko mita 1,567 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na oksijeni unayoipata katika kila pumzi ni pungufu kwa kama asilimia 17 ikilinganishwa na ya Mombasa au Tanga. Moyo hufidia kwa kwenda mbio zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kukimbia kilomita 10 kando ya bahari bila taabu anaweza kusimama Kimihurura akishika magoti, akidhani ameshikwa na malaria. Hana ugonjwa wowote. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na wiki kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu za kutosha. Dawa ni kupunguza mwendo siku mbili tatu za mwanzo na kunywa maji hata kama kiu haipo, kwa sababu ubaridi wa asubuhi ya Kigali hudanganya. Anayetoka Eldoret au Iten, waliko juu zaidi ya mita 2,000, atatucheka, na ana haki ya kucheka.

Halafu kuna vilima. Rwanda tunaiita nchi ya vilima elfu, na sehemu nzuri ya hesabu hiyo imo ndani ya mji mkuu wake. Wageni huogopa kupanda. Mimi nawashauri waogope kushuka. Mtu anapopanda huchoka mapafu, na mapafu hupona akisimama dakika tano. Anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Huja keshokutwa, wakati unapotakiwa kushuka ngazi mbele ya wakubwa wa semina.

Nilitoka Remera saa 11:40 alfajiri. Kigali hukucha karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo nilianza na giza jembamba. Akina mama wanaofagia barabara walikuwa wameshaanza kazi. Tulisalimiana, mwaramutse, nao wakajibu bila kuinua vichwa, maana majani ya mvua ya Mei hayasubiri. Kijana mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo akaenda sambamba nami, kofia ya abiria mkononi. Alipoona sisimami akanisemesha kwa Kiswahili, kile cha Nyamirambo chenye haraka: "Mama, unakimbia nini na pikipiki iko?" Nilimwambia nakimbia afya. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya, komera," akageuza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mitaa ya Nyamirambo na Biryogo ilikuwa inakitumia tangu babu zao, bila kungoja sheria.

Barabara ya kuelekea Nyandungu huteremka. Ni mteremko mtamu, na mkimbiaji mzoefu huutazama kwa jicho la mashaka kwa sababu atarudi nao. Langoni unalipa kiingilio kwa simu, unapita. Nitarudi kwenye hicho kiingilio.

Ndani, jambo la kwanza ni ukimya. Si ukimya kamili, maana ndege ni wengi mno. Kuna kwarara wenye kelele kama mlango usiotiwa mafuta, minana wanaoning'iniza viota juu ya maji, mdiria aliyetulia kwenye kijiti akitazama bwawa kama mvuvi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Njia inapinda kati ya miti ambayo bado ni michanga, kwa hiyo jua likipanda kivuli ni haba, na hilo ni kosa la umri tu. Kuna bustani ya mimea ya dawa ambako mtu wa rika langu husimama akitaja majina ya majani aliyonyweshwa utotoni kwa nguvu. Kuna pia sehemu iitwayo Bustani ya Papa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa katika bonde hili Septemba 1990, alipoitembelea Rwanda. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, vita vilianza.

Nilikutana na watu wa kila namna. Vijana wenye fulana za namna moja wakihesabu hatua kwa sauti. Mzee na mkewe waliokuwa wakitembea polepole, mke mbele, mume nyuma akiwa amebeba sweta zote mbili. Wanaume wawili wenye vitambi waliokuwa wamegombana na daktari, bila shaka, na daktari akashinda. Nilipowapita mmoja alimwambia mwenzake, "Umeona? Hata mama anatupita." Nikaongeza mwendo kidogo. Mtu ni mtu.

Waliosoma Tanzania miaka ya 1980 watanielewa nikisema kwamba mimi sikufundishwa kukimbia na kocha. Nilifundishwa na mchakamchaka. Wazazi wangu walivuka mto Akagera mwanzoni mwa miaka ya 1960, nikazaliwa na kusoma Nkwenda, wakati huo ikiwa wilaya ya Karagwe. Kila asubuhi kabla ya darasa shule nzima ilipangwa mistari, mwalimu wa zamu akapuliza filimbi, tukakimbia kuzunguka kijiji tukiimba. Tulikanyaga vumbi kwa mguu mmoja, wenye viatu na wasio na viatu, na wengi hatukuwa navyo. Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimepita miaka michache tu, na nyimbo zetu zilikuwa bado zinapigana naye. Tuliimba kwa ajili ya nchi iliyotupokea, kwa nguvu zetu zote, na jioni nyumbani tukafundishwa majina ya vilima vya nchi ambayo hatukuwahi kuiona. Wanafunzi wangu wa leo nikiwasimulia hucheka. Huwauliza, je, ninyi mnapofika darasani mko macho? Hucheka zaidi.

Basi mguu wangu una asili hiyo. Lakini si hilo lililonifanya niandike makala haya.

Semina ile nililala chumba kimoja na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Bugesera, tuliyekutana naye katika semina kama hizo mara kadhaa. Ni mkimbiaji kuliko mimi. Ana kifua chembamba na miguu mirefu, na akikimbia utadhani hagusi ardhi. Usiku wa kuamkia Alhamisi nilimwambia, dada, kesho twende Nyandungu, njia ni laini na hakuna magari. Akasema hapana, yeye atazunguka uwanja wa Amahoro. Nikadhani ni habari ya kilima. Nikamweleza tunaweza kurudi na basi. Akakunja nguo zake taratibu, akaniambia, "Wewe nenda, dada. Mimi katika mafunjo siingii."

Msomaji asiyeijua historia ya Bugesera anahitaji maneno machache hapa. Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wengi wa Ntarama na Nyamata walikimbilia makanisani, wakauawa humo kwa maelfu. Waliobaki waliingia katika vinamasi. Kila asubuhi walishuka kujificha ndani ya mafunjo, wengine matope yakiwafika shingoni, watoto wakiwa wamefunikwa kwa majani. Wauaji walikuja kwa vikundi na kuwasaka siku nzima, kisha jioni wakarudi makwao kama watu waliotoka kazini. Usiku walionusurika walipanda vilimani kutafuta chakula na kuhesabiana. Iliendelea hivyo hadi katikati ya Mei, wapiganaji wa RPF walipofika. Leo kanisa la Nyamata ni makumbusho ya mauaji hayo, na tangu Septemba 2023 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Bisesero na Gisozi.

Mwenzangu alikuwa na miaka 10. Hakuniambia mengi na mimi sikuuliza. Aliniambia jambo moja tu ambalo nina ruhusa yake kulisema: kwamba sauti ya mafunjo yanapogusana asubuhi, wakati upepo haujaanza, yeye anaijua. Kisha akaniuliza semina ya kesho inaanza saa ngapi.

Nilikimbia Nyandungu nikiisikiliza sauti hiyo. Kwangu ni sauti nzuri. Sisi tuliokulia uhamishoni tulirudi na maarifa mengi, lugha mbili tatu, vyeti vya nchi za watu, na mwili ambao haukuwahi kujificha popote. Waliokuwa hapa wana jambo ambalo hatuwezi kulifundishwa. Watu wa aina mbili hizi tunafanya kazi ofisi moja, tunaoleana, tunasahihisha mitihani meza moja. Mara nyingi tofauti haionekani. Inaonekana katika vitu vidogo kama hivi: nani anaweza kushuka bondeni saa 12 asubuhi na nani hawezi.

Hata hivyo nisijifanye kwamba maji yale hayakutufikia. Vijito vya mabonde ya Kigali huishia katika Nyabarongo na Akagera, na Akagera huishia Ziwa Victoria. Mwaka 1994, mimi nikiwa shule ya msingi, mto huo uliokuwa mpaka wetu ulileta maiti. Walipita maporomoko ya Rusumo, wakaingia ziwani, na wavuvi wa Uganda na Tanzania wakawatoa na kuwazika. Upande wa Uganda kuna makaburi yao hadi leo huko Kasensero, Lambu na Ggolo, yenye miili zaidi ya 10,000. Nyumbani kwetu mama aliacha kununua samaki. Hakutueleza sababu, na hakuna mtoto aliyeuliza. Aprili hiyo hiyo mwishoni, watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24, na wilaya jirani yetu ikawa na kambi kubwa kuliko miji mingi. Miaka miwili baadaye familia yetu ilirudi Rwanda. Nilikuwa na miaka 16.

Kwa hiyo kinamasi kwa Mnyarwanda si mandhari tu. Ndiyo sababu nadhani kazi iliyofanyika Nyandungu ina uzito kuliko ule unaoandikwa kwenye vibao vya langoni. Kibao kitakuambia kuhusu mazingira, na maneno yake ni kweli. Kinamasi ni sifongo. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati na lami ya vilimani, maji hayana pa kuzama. Hushuka kwa kasi na kubeba udongo, takataka, na mara nyingine nyumba. Yakifika bondeni penye mafunjo hupunguzwa mwendo. Udongo hutulia chini, mizizi hunyonya sehemu ya uchafu, na maji hutoka upande wa pili polepole na yakiwa safi zaidi. Ukikausha kinamasi ukajenga ghala, umeondoa breki ya gari lililo mteremkoni. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Huko si Kigali, na sababu zake ni za milima zaidi kuliko za vinamasi, lakini tangu siku hiyo hakuna Mnyarwanda anayedharau mahali maji yanapopita.

Serikali imeamua kuendelea na mabonde mengine. Viwanda vya Gikondo, vilivyokaa ndani ya kinamasi kwa miongo mingi, vilihamishiwa eneo maalumu la kiuchumi huko Masoro. Gikondo, Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo yakawekwa katika mpango wa kufufuliwa kwa mfano wa Nyandungu. Nafurahi, na sitaki furaha yangu ifunike jambo la pili. Mabondeni hakukuwa na viwanda tu. Kulikuwa na nyumba za watu maskini, magereji, vitalu vya miche, mashamba ya mboga. Mwishoni mwa mwaka 2019 kaya nyingi ziliondolewa na nyumba zao kubomolewa, na baadhi ya waliohamishwa walilalamika kuhusu fidia. Sheria ya kuzuia ujenzi katika vinamasi ina sababu nzuri. Lakini mtu aliyehamishwa kutoka bondeni, akarudi siku moja akakuta pamekuwa bustani nzuri yenye lango na malipo, ana haki ya kuuliza bustani hii ni ya nani.

Na hapo ndipo narudi kwenye kiingilio. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, na kwa mwalimu aliyekuja semina si pesa ya kulalamikia. Fedha hizo husaidia kulipa wanaofyeka, wanaolinda, na wanaotoa taka majini. Yote nayakubali. Lakini mkimbiaji haji mara moja kwa mwaka. Anayetaka kufanya mazoezi kwa kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza, yaani dakika 150 kwa wiki, atakuja mara tatu au nne kila wiki. Mlinzi wa usiku anayetoka zamu saa 12, au yule kijana wa pikipiki, akizidisha kiingilio mara nne kisha mara wiki za mwezi, ataona heri abaki na kitambi. Pendekezo langu ni jepesi: saa mbili za kwanza za asubuhi lango liwe wazi bila malipo kwa kila anayekuja kwa miguu yake. Wanaokuja kupiga picha za harusi huja baadaye, na wao ndio walipe.

Mwenye kuhitaji uthibitisho kwamba watu wa jiji hili wanataka kukimbia na aje Jumapili ya kwanza au ya tatu ya mwezi. Tangu Mei 2016 Kigali ina siku ambayo barabara kuu kadhaa hufungwa kwa magari asubuhi. Ilianza mara moja kwa mwezi, ikawa mara mbili. Mvulana wa baiskeli ya kukodi, balozi, muuza duka na mtoto wa miaka minne wote huwa katikati ya lami. Wahudumu wa afya huweka mahema na kupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Hakuna anayeulizwa tiketi.

Mgeni mwenye misuli anaweza pia kujaribu barabara za mawe za Kimihurura. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye kupanda zaidi ya mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na kati ya walioanza, zaidi ya 160, waliomaliza walikuwa 30 tu. Niliangalia kwenye televisheni ya mkahawa pamoja na wanafunzi wangu, na walipouliza kwa nini mabingwa wale wanaacha njiani niliwaambia wakaulize mapaja yao. Wakimbiaji wetu wenyewe walivikulia vilima hivi. Mathias Ntawulikura, aliyewakilisha Rwanda katika Olimpiki tano kuanzia Seoul 1988 hadi Athens 2004, alimaliza wa nane katika mita 10,000 huko Atlanta mwaka 1996. Mwaka 1996! Nchi ilikuwa bado inahesabu maiti wake, na mtu mmoja akikimbia mizunguko 25 mbele ya dunia akiwa na jina la nchi hiyo kifuani. Vijana wa leo wengi hawamjui, na vitabu vyetu vya shule vingeweza kumtengea ukurasa.

Jumapili ya semina ile ilikuwa ya tatu ya mwezi, kwa hiyo magari yalifungiwa. Mwenzangu ndiye aliyeniamsha. Tulianzia Remera, tukapita uwanja wa Amahoro uliofunguliwa upya Julai 2024, wenye viti 45,000. Mwaka 1994 maelfu walikaa ndani ya uwanja huo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakisikiliza mizinga. Leo nje yake akina mama walikuwa wakiruka kwa muziki mbele ya mwalimu wa mazoezi aliyesimama juu ya jukwaa. Tuliteremka Gishushu, tukapita mbele ya bunge, ambalo kuta zake bado zina alama za vita, tukashika njia ya Kimihurura.

Hatukuzungumza habari ya mafunjo. Tulizungumza habari ya ngeli. Yeye ana wanafunzi wanaosema "kitabu yangu", mimi nina wanaosema "mtu yangu", tukabishana ni kosa lipi linaponywa haraka. Kilima kilipoanza yeye aliendelea kuongea kwa sauti ile ile huku mimi nikijibu kwa neno moja moja, kisha kwa kichwa. Katikati ya kilima akaniuliza kama nimejiandikisha kilomita 21 au 42. Nikaonyesha vidole viwili na kimoja. Akasema naye atajiandikisha 21 basi, ili apate mtu wa kumsubiri mwishoni.

Akaongeza hatua. Kofia yake ya njano niliiona hadi kona ya juu, ikipita kati ya watoto wa baiskeli, kisha nikaendelea na mwendo wangu.